Kilele cha Lugalia

Baba alikuwa mshika kioo.
Si fundi wa ramani, si karani. Mshika kioo,
shilingi ishirini na nane kwa mwezi na blanketi moja,
mwaka ule wapimaji walipopiga kambi milima ya Maragoli
na Bwana Pettifer akamwambia: simama hapa,
nirushie jua ndani ya darubini yangu kule Nandi,
usitikisike.

Hakutikisika. Saa nne.
Siafu walimpanda hadi magotini,
mkojo ulimbana, wingu lilikuja likaenda,
na ng'ambo, mbali, mzungu akasoma pembe,
akaandika nambari mbili, akafunga daftari.
Mlima hupimwa hivyo, baba alitueleza:
huukanyagi. Unasimama mahali pawili unapopajua,
unaufumbia jicho moja,
hesabu inapanda badala yako.

Kisha Pettifer akaenda Ncha ya Kusini.
Sisi tulidhani amehamia Kapsabet.

Barua ilifika sitini na moja, mimi nipo darasa la pili,
stempu yake ina ndege aliyevaa koti, asiyeruka.
Mwalimu Asige aliisoma mara mbili,
mara ya kwanza kimya kimya.
Ilisema huku barafu ina kina cha maili nzima.
Ilisema jua linazunguka ukingo wa dunia
kama ng'ombe aliyefungwa kambani, halizami.
Vilele vilikuwa vingi kuliko majina.
Vikubwa walipewa wafalme,
kisha wenye benki waliolipia meli,
kisha wake za wenye benki, kisha mbwa.
Kikabaki kimoja cheusi, kifupi, nyuma ya vingine,
ambacho asubuhi moja kilirusha mwale
moja kwa moja ndani ya darubini
kikatulia hivyo hivyo mpaka nikamaliza kupima.
Nikakumbuka mtu mmoja tu, Pettifer aliandika.

Ila ramani iliyokunjwa ndani ya bahasha
ilisema Lugela.
Karani fulani, katika mji fulani wa ukungu,
alimeza herufi, akageuza nyingine,
akaenda kunywa chai.

Mama aliuliza: huko kuna kuni?
Baba aliuliza: napakana na nani?
Mwalimu akapitisha kidole. Huku barafu.
Huku barafu. Hapa wameacha karatasi tupu,
hawajafika.
Baba alicheka mpaka akakohoa,
baba huyu ambaye juma lile lile
binamu yake Ambundo alikuwa ameng'oa masale usiku
na kuyapanda upya hatua mbili ndani ya mahindi yetu.
"Na jina wamelikosea," mwalimu akasema,
aibu imemshika kana kwamba kalamu ilikuwa yake.
"Hata chifu hulikosea," baba akajibu. "Kodi hufika."

Aliibandika ukutani kwa uji wa muhogo.
Mende walikula bahari kwanza,
wakala pwani, wakala mbwa wawili na malkia,
na sijui ni nini kiliwashiba hapo,
maana kilele hawakukigusa.

Kioo alikuwa nacho bado. Alinyolea ndevu.
Siku za jua tulikiiba, dada yangu Kageha na mimi,
tukamulika kuku wa Ambundo,
tukamulika Ambundo mwenyewe
akipalilia pale penye hatua mbili zetu,
naye akiinua mkono kujikinga macho
asijue nani anampima.

Wote wawili wamelala sasa, kila mmoja upande wake.
Jana alikuja mpimaji wa kaunti kutoka Mbale,
kijana, kidude cha satelaiti mkononi,
hahitaji kilima wala mtu wa kusimama juu yake.
Alizunguka robo ekari yetu kabla chai haijachemka.
Akafika kwenye masale, marefu sasa kuliko paa,
akauliza mpaka ni huu?
Sikujibu hilo.
Akauliza jina la kuandika kwenye hati,
kidole kikiwa tayari kimeanza kubonyeza.

Nikamwambia ngoja kwanza.
Nikamwambia herufi ni saba, mwanangu.
Bonyeza polepole.